Sakafu Nne za Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama yetu pale Mombo ina sakafu nne, na kila moja inaeleza fedha ilipatikanaje wakati ule. Vyumba viwili vya mbele alivijenga baba alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Akavipiga niru nyekundu, ambayo mama ameing'arisha kwa nta tangu sisi tukiwa watoto. Sebule iliongezwa baadaye, kaka yetu mkubwa alipopata ajira, nayo ikawekwa marumaru nyeupe. Ukumbi mrefu unaotokea uani ulibaki saruji tupu, mbaya ya mikwaruzo, maana fedha ziliishia hapo. Chumba cha wageni kilitandikwa kapeti la plastiki. Juu ya sakafu hizo kuna matandiko mengine: mkeka wa ukili, mswala, zulia la manyoya sebuleni, busati la katani mlangoni. Nyumba nyingi za Korogwe na Handeni zimejengwa hivyo, kidogo kidogo, kila mtoto akiongeza chumba chake kwa uwezo wake.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu kila anayetaka kununua roboti ya kufagia na kudeki huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri. Swali hilo halina jibu mpaka nyumba ijulikane. Watengenezaji wanaposema mashine yao inafaa nyumba yenye sakafu mchanganyiko, huwa wanafikiria sakafu ya mbao na zulia, kama nyumba za Marekani na Ulaya zilivyo. Niru nyekundu iliyopakwa nta haimo katika hesabu yao. Kizingiti cha saruji kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani hakimo pia.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Mombo iko chini kabisa ya milima ya Usambara, pale barabara ya Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu ya kwenda Same na Moshi. Kule juu kuna baridi na mvua. Huku chini kuna jua kali na udongo mwekundu. Malori na mabasi hayakatiki mchana wala usiku, na wakati wa kiangazi vumbi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ni vumbi laini kama unga, linalokaa juu ya kabati na katika mikunjo ya pazia. Masika yakianza, vumbi hilohilo linageuka tope na kuingia ndani kwa miguu ya watoto. Mama alikuwa anafagia alfajiri, anapiga deki, na baada ya swala ya adhuhuri anafagia tena.

Kupiga deki kwa tambara ni kazi ya kiuno na magoti. Unainama, unasukuma tambara, unarudi nyuma, unakamua, unainama tena. Mama aliifanya kazi hiyo maisha yake yote kwa fahari, na mgeni akimsifia sakafu yake alikuwa anafurahi kuliko kusifiwa mapishi. Kiuno kilipoanza kumsumbua hakusema. Tuliligundua siku mdogo wetu alipomkuta amekaa chini katikati ya sebule, tambara mkononi, anasubiri maumivu yapungue ili aendelee. Kikao cha familia kikafanyika kwenye simu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimewahi kuishi na mashine hizi, nikakabidhiwa kazi ya kuchagua.

Nilizijulia Muscat. Nilifanya kazi za ndani huko kwa miaka kadhaa, kwa mama mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kabisa, kwa sababu wazee wake walihamia Omani wakitokea Zanzibar. Nyumba yake ilikuwa na marumaru ya mawe kila mahali, na majilisi, yaani ukumbi wa wageni, yenye mazulia mazito yenye shada pembeni. Mchanga wa jangwani unaingia ndani kama vumbi la Mombo linavyoingia. Alinunua roboti, na mimi ndiye niliyeiendesha, niliyeisafisha na niliyeikwamua kila iliponasa. Wanaoandika sifa za mashine hizi mara nyingi huzijaribu kwa wiki chache wakiwa katika nyumba zao wenyewe. Mfanyakazi wa ndani huishi nazo mpaka brashi ziishe. Nawaambia kwa dhati kwamba ukitaka kuijua mashine ya usafi, muulize anayelipwa kusafisha.

Mashine hizi si ngeni sana duniani. Kampuni ya Electrolux ya Uswidi iliingiza sokoni Trilobite mwaka 2001, na mwaka uliofuata iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, iliyouzwa kwa bei ambayo watu wengi waliimudu. Roomba za mwanzo zilikuwa zinagonga ukuta, zinageuka, zinagonga kiti, zinageuka tena, mpaka chumba kiishe. Za sasa nyingi zina leza inayozunguka juu ya mgongo, inapima umbali wa kuta na kuchora ramani ya nyumba, na mwenye nyumba anaiona ramani hiyo kwenye simu yake. Kudeki kuliongezwa baadaye. Na ni kudeki kunakoleta shida katika nyumba kama yetu, kwa sababu vumbi kavu linafagiwa popote, lakini maji hayafai kila mahali.

Kwa hiyo niliporudi Mombo sikwenda dukani. Nilichukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikakikamua, nikapangusa kila sakafu kwa zamu, kitambaa kipya kila chumba. Sebuleni kilitoka na vumbi la kawaida. Kwenye saruji ya ukumbini kilitoka na chembe za mchanga na nyuzi zake zimechanika, maana saruji ile inakwaruza. Kwenye kapeti la plastiki kilitoka safi kuliko kote. Kwenye niru ya baba kilitoka chekundu, kama kimechovywa rangi. Ile nta inayoing'arisha niru inashika kitambaa chochote chenye unyevu. Hebu fikiria sasa roboti inayodeki chumba cha baba, halafu, kwa kitambaa hichohicho, inavuka kuingia sebuleni kwenye marumaru nyeupe.

Jaribio hilo lilinifundisha zaidi ya maelezo yote ya wauzaji. Liliniambia kwamba nahitaji mashine ambayo ramani yake inaniruhusu kuweka mipaka ya kudeki peke yake: hapa fagia tu, hapa fagia na udeki, hapa usiguse. Mashine nyingi za leza zina uwezo huo, lakini si zote zinatenganisha mpaka wa kufagia na mpaka wa kudeki. Baadhi zina mpaka mmoja tu, yaani ukikataza maji umekataza na ufagio. Hilo ni jambo la kumuuliza muuzaji kabla hajafungua mdomo kukutajia nguvu ya kufyonza.

Vitambaa vyenyewe viko vya namna tatu. Kuna kile bapa kinachoburutwa nyuma ya mashine, ambacho ni rahisi na kinapangusa juujuu. Ukikiweka kwenye tope la masika kinalisambaza. Kuna viwili vya duara vinavyozunguka kwa kukandamiza sakafu, na hivi vinang'oa doa la chai lililokauka. Na siku hizi kuna kilichovikwa kwenye rola ndefu, kinachozunguka kama gurudumu huku kikioshwa na kukamuliwa palepale. Kwa marumaru ya sebule, vile vya duara vinatosha. Vyote vinaharibiwa haraka na saruji ya mikwaruzo, kwa hiyo ukumbi wetu niliuandikia kufagiwa tu.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni vizingiti. Mashine nyingi hupanda kitu chenye kimo cha sentimita 2 hivi. Matoleo ghali ya karibuni yana miguu au magurudumu yanayoinuka na yanapanda zaidi, lakini bei yake nayo imepanda. Nilipopima kwa rula ya mjukuu wa shule, kizingiti cha sebule kuingia ukumbini kilikuwa sentimita 4, na cha vyumba vya mbele kilikuwa chini ya 2. Maana yake mashine ya kawaida ingezunguka mbele tu, ikifika ukumbini inarudi. Nilimwita fundi seremala wa jirani, akatengeneza miteremko midogo ya mbao pande zote mbili za kizingiti, mipana kuliko mashine, akaipiga randa mpaka ikawa laini. Gharama yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kununua roboti yenye miguu. Nashangaa kwa nini wauzaji hawalisemi hili. Seremala wa mtaani anaweza kukuokolea fedha nyingi.

Pima pia uvungu. Mashine yenye leza mgongoni ina kimo cha karibu sentimita 10. Kitanda cha mama kina uvungu mkubwa, ikapita. Kochi la sebuleni liko chini mno, na tukaliinua kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake. Vinginevyo vumbi la uvunguni lingebaki kazi ya mtu mwenye kiuno kibovu, na hapo ndipo anapoinama zaidi.

Mikeka na mabusati yana sheria zao. Mkeka wa ukili ni mwepesi. Brashi inaunyanyua ukingo, inausokota na kuutafuna. Kapeti la plastiki lililojikunja pembeni linafanya hivyohivyo, ila dawa yake ni gundi tu. Zulia la manyoya ni jepesi kushughulikia, kwa sababu mashine nyingi nzuri zina kihisi cha sauti kinachotambua zulia, na zikilifikia zinainua vitambaa vya maji kwa milimita kadhaa. Lakini angalia urefu wa manyoya: kitambaa kinachoinuliwa milimita 7 hakilisaidii zulia lenye manyoya ya milimita 15. Mswala tulikubaliana na mama ukunjwe na kuwekwa juu kila baada ya swala, jambo ambalo mwenyewe alikuwa analifanya tangu zamani.

Busati la katani lilinigusa zaidi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotupita. Nyuzi za kutengenezwa viwandani zikashusha bei, mashamba yakadhoofika, na wafanyakazi kama baba wakaona mishahara ikisuasua. Vyumba vile viwili vya niru vimetokana na katani. Busati la mlangoni ni la katani pia. Uzi wa katani unakunywa maji, unavimba, unaacha madoa na unachelewa kukauka, kwa hiyo hautaki kudekiwa hata kidogo. Unataka kukung'utwa nje na kuanikwa. Hilo tumelitoa kabisa katika ramani ya mashine.

Nguvu ya kufyonza, ile inayotajwa kwa paskali na kuandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, nitaipitia haraka. Mashine ya paskali 2,500 inaondoa vumbi la marumaru bila shida. Paskali 20,000 zina maana zaidi kwenye mazulia mazito ya majilisi. Kwetu, chujio ni muhimu kuliko paskali. Vumbi la Mombo linaziba chujio upesi, na likiziba, paskali zote zinakuwa maneno. Tafuta mashine ambayo chujio lake linaoshwa, uwe nayo mawili, moja likikauka siku nzima kivulini huku lingine likifanya kazi. Likirudishwa na unyevu, vumbi linageuka tope ndani. Na kama nyumbani kuna mabinti wanaosuka rasta, chagua brashi ya mpira. Ile ya nywele inashika nyuzi za rasta mpaka isimame.

Kuna suala la macho ya mashine ambalo nawaomba msilidharau. Baadhi ya roboti zinatumia kamera badala ya leza, au pamoja nayo. Kamera inasaidia kutambua kandambili na waya wa chaja. Lakini Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa ndani ya nyumba za watu na roboti za majaribio za iRobot, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivyofika mikononi mwa vibarua wa kuchambua picha huko Venezuela na kuishia mitandaoni. Wenye nyumba walikuwa wamekubali kushiriki katika majaribio, lakini hakuna mtu anayekubali jambo kama lile. Mama yetu nyumbani huvaa kanga moja, kama mama yeyote wakati wa joto. Heshima yake ndani ya nyumba yake si kitu cha kubadilishana na mashine inayokwepa kandambili. Nilichagua ya leza isiyo na kamera. Faida yake nyingine ni kwamba leza inaona gizani, na umeme ukikatika usiku mashine haipotei.

Kuhusu umeme, wengi waliogopa kwamba mashine itamaliza umeme wa LUKU. Betri ya kawaida ya mashine hizi ni volti 14.4 na milliampia-saa 5,200, yaani wati-saa 75 hivi. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Hata ukihesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, uniti moja inaijaza betri karibu mara kumi. Kinachokula umeme ni vile vituo vikubwa vinavyoosha vitambaa na kuvikausha kwa hewa ya moto, vyenye tangi la maji safi na la maji machafu. Vinarahisisha kazi, sikatai. Lakini maji machafu yakilala katika joto la Mombo yananuka, na mfuko wa vumbi wa vituo hivyo ukijaa utaagizwa mbali. Kwetu tumenunua yenye kituo cha kuchajia tu. Kumwaga vumbi na kufua vitambaa viwili hakuumizi kiuno cha mtu.

Ukiagiza kupitia ndugu aliye Omani, Falme za Kiarabu au Uingereza, plagi ya miguu mitatu bapa ni hiihii ya kwetu na volti zinaendana. Ukiagiza Marekani, soma kwenye kituo: kama kimeandikwa volti 120 peke yake, kitaungua. Toleo lililotengenezwa kwa soko la China linaweza kukataa kuunganishwa na simu mpaka uchague China kama mahali ulipo, na sauti zake zitakuwa za Kichina. Nyingi za mashine hizi hutumia waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Na anayesafiri nayo kwa ndege asiweke betri ya akiba kwenye begi la mizigo, inabebwa mkononi.

Roboti yetu tuliipeleka Mombo wakati wa kiangazi. Mama aliipa jina la Kobe, kwa mwendo wake na gamba lake, akaketi kwenye kiti akaifuata kwa macho kutoka kona hadi kona. Aliponiuliza, "Mwanangu, na ile kona ya nyuma ya kabati?" nilimjibu, "Mama, pale haifiki." Haifiki kweli, kwa sababu mashine ni duara na kona ni kona. Haifagii uwanja, haigusi jiko la mkaa lenye majivu, haipandi ngazi za barazani. Siku za masika, tope bichi ukumbini linaondolewa na mtu kwanza, likikauka ndipo mashine inaingia.

Binti anayemsaidia mama alinyamaza siku ile, nami nikauelewa ukimya wake, kwa sababu na mimi niliwahi kusimama mahali pake, Muscat, boksi likifunguliwa. Tulikaa naye, mama akiwepo, tukamwambia mshahara wake haupungui. Ndiye aliyefundishwa kuiendesha, ndiye mwenye programu kwenye simu, na saa zilizookolewa anakwenda kujifunza cherehani. Familia inayonunua mashine hii ili imfukuze binti wa watu itabaki na kona chafu na uwanja usiofagiwa, tena itakuwa imemdhulumu.

Mama sasa hadeki. Niru ya baba inapakwa nta na yule binti mara moja kwa wiki, mama akielekeza.

Wauzaji wa Kariakoo na wa Tanga mjini, nawaomba kitu kimoja: andikeni kwa Kiswahili, mbele ya boksi, mashine inapanda kizingiti cha sentimita ngapi, ina kimo gani, na inainua kitambaa milimita ngapi. Namba hizo tatu zingetosha kumwelekeza mteja. Na wewe unayetaka kumnunulia mzazi wako, usichague kwa picha za simuni. Nenda nyumbani kwanza na rula na kitambaa cheupe chenye maji, upime kila mlango na upanguse kila chumba. Ukinunua, chukua na machujio, brashi na vitambaa vya akiba vya kutosha mwaka mzima, kwa sababu madukani Mombo sijaviona.